Jiko la Juu Halipikiwi

Jumamosi ya pili ya Novemba, saa kumi na dakika kumi alasiri, mtoto wa jirani yetu alisimama mlangoni petu ameshika bakuli letu, akaniuliza swali ambalo mpaka sasa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nasema "mtoto", lakini ni mzee wa miaka sitini na kitu, ana kipara na goti bovu, na kila Jumamosi huendesha gari kubwa kutoka Inver Grove Heights, kitongoji kingine cha huku Marekani, kuja kumwangalia mama yake. Mama yangu alikuwa ametoka kwenda dukani. Nilikuwa peke yangu, nimevaa soksi mguu mmoja.

"Wewe ni msichana mkweli," alisema. Hapo hapo nikajua nimekwisha. "Niambie tu. Mama yangu bado anashuka chini kupika?"

Bakuli lilikuwa tupu, kwa hiyo nilijua mama yake hana habari kwamba amelileta. Mama yake hawezi kuruhusu bakuli la watu livuke barabara bila kitu ndani.

"Ukisema hashuki, nitaamini, na atabaki kwake," akaendelea. "Ukisema anashuka, Jumatatu nakwenda Burnsville kukichukua kile chumba cha nyumba ya wazee. Mimi na yeye tulikubaliana hivyo. Aliapa."

Mimi kuzungumza na watu siwezi. Shuleni mwalimu akiniita jina, nusu ya darasa hugeuka kutazama kama kweli nipo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitakujibu kesho."

"Kesho?"

"Asubuhi."

Akanitazama kama mtu aliyeuliza saa ngapi akaambiwa arudi wiki ijayo. Halafu akasema atapita saa nne akitoka kanisani, akaondoka anachechemea. Ndipo nikachukua daftari. Nimeona nimwandike yule bibi mzimamzima, na wema wake na vituko vyake, huenda nikifika mwisho nitajua la kusema. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu yeye husoma chochote kilichoachwa mezani, hata barua za nyumba nyingine, na hiki hawezi kukisoma. Mama anaweza, lakini Mama hana muda.

Tena mambo yote haya yameletwa na adabu ya Mama. Leo mchana alimpelekea bibi pilau, akamkuta mwanawe mlangoni. Mama akatabasamu kwa meno yote, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini, "Mshukuru sana mama kwa zile tambi za jana. Na mpe pole na zile ngazi." Sisi bila pole hatujui kuagana. Mama alikuwa amemwona bibi kwa dirisha akitoka chini ya nyumba kwa ngazi, na sufuria mkononi, akaona ametaabika, akampa pole. Hakujua kwamba ngazi zimepigwa marufuku. Mimi nilijua, lakini mimi huwa sisemi vitu.

*

Kwetu nyumbani tunamwita Bibi wa Chini. Yeye mwenyewe halijui jina hilo. Tulimpa tulipohamia mtaa huu, kwa sababu kila tulipobisha mlango wake wa mbele, sauti ilitoka chini ya miguu yetu: "Zunguka nyuma!" Mama alishtuka mara ya kwanza akasoma dua.

Nyumba yake ina majiko mawili. La juu ni jeupe kama jino la tangazo, alilonunuliwa na marehemu mumewe. Ukilitazama unaona uso wako. Kwenye kila sahani ya kuwashia moto kuna kifuniko chenye picha ya jogoo. Pembeni kuna taulo zilizopigwa pasi ambazo haziruhusiwi kugusa maji. Jiko hilo halijawahi kuwashwa. Sisemi kwamba halitumiki sana. Nasema halijawahi.

La pili liko chini ya nyumba, kwenye besimenti, na huko ndiko maisha yaliko. Ni jiko kuukuu ambalo mlango wake umefungwa kwa waya. Kuna meza ndefu ya kutosha ukoo mzima, kamba za vitunguu saumu, chupa za nyanya zimepangwa mpaka darini, na kiti kimoja chenye mto, ambacho ni cha kwake na ukikikalia unaondolewa kwa mwiko.

"Kwa nini hupiki juu?" nilimuuliza zamani, nilipokuwa bado mgeni kwake.

"La juu ni la wageni."

"Wageni gani?"

"Wakija."

Anasema mtaa mzima ulikuwa hivyo enzi za Wataliano wenzake. Kila mama alikuwa na jiko la kuonyesha na jiko la kupikia. Ungepita saa ya chakula ungeona vyumba vya juu vyote vinang'aa havina mtu, na harufu inatoka kwenye vidirisha vya chini, utadhani ardhi yenyewe inaunga vitunguu. Mama alipoelezwa hakushangaa hata kidogo. "Bibi yangu Tanga alikuwa na kabati la vyombo vya wageni," alisema. "Amekufa wageni hawajafika."

*

Wataliano wengine wameondoka, walikufa au walihamia kwenye nyumba zenye nyasi nyingi. Kwa Bibi wa Chini hawajaondoka. Sisi tunakaa "kwa fundi viatu", mwenye nyumba hii wa zamani. Tumekaa hapa tangu nikiwa darasa la pili, lakini hajawahi kusema "kwenu". Husema, "Nenda kwa fundi viatu kamwambie mama yako aje." Siku moja alimletea Mama kiatu kilichokatika kisigino, akakiweka mezani, halafu akakumbuka, akakichukua bila kusema neno.

Nyumba ya kona ni ya "yule mwizi wa zabibu". Mwizi mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa. Sasa wanakaa watu kutoka Burma, wapole kabisa, na hawaelewi kwa nini bibi mmoja mwenye fimbo akipita kwao hunyoosha kidole kwenye uzio na kusema, "Najua ulichofanya."

Pale nyuma ya kanisa, penye maegesho ya magari, palikuwa na kiwanja cha udongo. Wanaume walirusha mipira mizito kila Jumapili, na ambaye mpira wake ulitua karibu zaidi na mpira mdogo uliotangulia kurushwa ndiye mshindi. Bibi wa Chini alikuwa mwamuzi, maana wanaume walimwona mcha Mungu. Alipima umbali kwa kamba ya aproni yake.

"Na sketi yangu ilikuwa ndefu," aliniambia, akinikazia macho.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikiinama kupima, sketi inausukuma mpira. Kidogo tu. Mume wangu alishinda miaka yote ile."

"Alijua?"

"Ajue nini? Alikufa anajiona bingwa. Na mimi ningemwambia ili iweje, Panya?"

Panya ni mimi. Aliniita hivyo kwa sababu aliniona siku nzima nikizunguka besimenti yake bila kusikia sauti yangu. Mtu mwingine angeniita hivyo ningelia chooni. Yeye akiniita nasikia kama nimepewa kiti. Raha ya kukaa naye ni hiyo: anaongea mpaka hakuna nafasi ya mimi kuongea, na hakuna anayenihurumia kwa kunyamaza.

*

Mama na yeye walikutana kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba yake, wote wawili wameinama. Ilikuwa majira ya machipuko. Mama alikuwa ameona mchicha pori umeota kando ya mapipa ya taka, akatoka na mfuko wa plastiki akiomba asionwe na mtu. Kwa upande wa pili Bibi wa Chini alikuwa anang'oa kwa kisu yale majani yenye maua ya manjano ambayo Wamarekani huyapulizia dawa yafe. Walitazamana. Kila mmoja akaficha mfuko wake nyuma.

"Hayo unayala?" Bibi wa Chini akauliza.

"Na wewe hayo?"

Wakaonyeshana. Kila mmoja akaona mwenzake anachuma takataka na kuacha chakula. Mama mpaka leo husema majani ya bibi ni machungu kama shubiri. Bibi husema mchicha wetu ni chakula cha sungura. Lakini jioni ile alituletea bakuli la majani yake, yamekaangwa na kitunguu saumu, na Mama akalirudisha na mchicha wa nazi, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Tatizo ni kwamba kwao nako hakirudi kitupu. Basi bakuli likaanza safari ambayo haijaisha. Mama akiwa amechoka na shifti anasimama anakaanga sambusa saa mbili usiku huku analalamika, "Huyu bibi ataniua kwa wema." Na ng'ambo ya barabara najua kuna mtu anakoroga sufuria na kusema maneno hayo hayo.

Alipojua sisi Waislamu, hakuuliza mengi. Alikitazama kitambaa cha Mama, akasema, "Mama yangu alijifunga hivyo hivyo." Halafu akatenga sufuria moja, akaifunga utepe mwekundu mpinini, akaapa kwa watakatifu wake wote kwamba nguruwe hajapita hata karibu nayo. Siku soseji zake zikichemka kwenye sufuria nyingine, hii ya utepe anaipeleka kabisa upande wa pili wa chumba, anaifunika kwa gazeti, "isisikie".

*

Ni mtu wa rozari kila alfajiri, na ni mwongo. Sijui niyaandikeje mambo haya mawili, maana kwake yanakaa pamoja kama mke na mume. Humdanganya daktari kuhusu chumvi, humdanganya padri kuhusu hasira, na humdanganya mwanawe kuhusu karibu kila kitu. Akimaliza anajifanyia ishara ya msalaba, na wakati mwingine anaifanya kabla, "ili niwe huru".

Watakatifu wenyewe hawana amani. Ana sanamu ya yule anayetafuta vitu vilivyopotea. Miwani ikipotea anamwomba vizuri. Isipoonekana mpaka mchana, anamgeuza aangalie ukutani. Majira ya baridi yaliyopita alikaa ukutani wiki nzima kwa sababu ya ufunguo, na ulipoonekana kwenye mfuko wa aproni Bibi wa Chini alimgeuza tena akamwambia, "Umeona? Ukitaka unaweza."

Anafua mifuko ya plastiki, anaianika kwenye kamba kama soksi. Mtu huyo huyo atakukatia sinia zima la biringanya, na ukisema nusu inatosha anakasirika siku mbili. Kukuuliza kama umeshiba ni tusi kwake. "Anayeuliza kama umeshiba," husema, "anatafuta sababu ya kufunika sufuria." Nikiharakisha kukoroga hunipiga kidogo mkononi: "Mchuzi hauna basi la kuwahi. Wewe unalo?" Na kuhusu wavulana aliniambia jambo moja tu, kwamba nisimwamini mwanamume anayeacha mkate bila kufuta sahani. Sijapata pa kulijaribu.

Kitu kingine: hapendi kuonwa akiwa dhaifu. Akikohoa anafungulia bomba la maji ili nisisikie. Mimi nasikia.

*

Sasa habari ya ngazi.

Machi mwaka huu aliteleza kwenye ngazi za ndani, akakaa chini muda mrefu mpaka nilipofika mimi na bakuli. Hakuvunjika. Aliniambia alikuwa amekaa tu anapumzika, na kwamba kila mtu anapumzika kwenye ngazi. Lakini mwanawe aliona alama ya bluu mkononi, na wiki ile ile akaja na kufuli, akafunga mlango wa kushukia besimenti. Akafunga na kamera juu ya friji, inayotazama mlango ule pamoja na jiko jeupe, nayo inampelekea picha na sauti kwenye simu yake, na akitaka huongea kupitia hapo hapo. Akamwapisha: kupika ni hapa juu tu, au Burnsville.

Kumbe alisahau alizaliwa na nani. Nyuma ya nyumba kuna milango miwili ya chuma iliyolala juu ya ardhi kama mfuniko wa kisima. Ukiifungua kuna ngazi za zege, kali kuliko za ndani, zinazoshuka moja kwa moja mpaka kwenye lile jiko la waya. Kila mchana Bibi wa Chini huketi mbele ya kamera na saladi ya dukani. Anatafuna jani moja taratibu, anajipangusa mdomo, anapiga miayo mikubwa ya maigizo, na kusema kwa sauti, "Wacha nikalale." Halafu anatoka mlango wa mbele na ndala, anazunguka nyumba, anaingia ardhini.

Mimi ndiye mbeba sufuria. Sikuombwa. Siku ya kwanza alinitazama tu, akanipa mfuko wa viazi, akasema, "Tangulia." Tangu hapo kila siku nikitoka shule natangulia, kushuka na kupanda. Yeye hufuata nyuma na hataki nigeuke.

Nilicheka sana majira yote ya joto. Lakini sasa ni Novemba. Juzi maji yaliyokaa kwenye ngazi zile yaliganda, nikateleza mimi, wa miaka kumi na sita na viatu vya theluji.

Chumba cha Burnsville kiko kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Mama. Niliwahi kumuuliza pakoje. Mama alifikiri sana, maana anapapenda. "Pana joto," akasema. "Pana dawa kwa wakati, pana watu wa kukuinua. Kisichokuwepo ni harufu. Chakula kinakuja kimefunikwa, huwezi kujua kimetoka wapi." Kisha akaongeza, "Akija pale kazini nitamtunza kama mama yangu mzazi. Lakini asije."

*

Saa kumi na mbili jioni niliacha kuandika, nikazunguka nyuma ya nyumba yake. Gari la mwanawe lilikuwa limeshaondoka. Milango ya chuma ilikuwa wazi, mwanga unatoka. Alikuwa amesimama anakoroga maharage, aproni imefungwa juu ya koti.

Nikamweleza yote, pilau, pole ya Mama, swali. Hakuacha kukoroga.

"Ukamjibu nini?"

"Nitamjibu kesho."

Mwiko ukasimama. Akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Panya! Umemwambia mwanangu arudi kesho! Mimi mama yake sijawahi kuthubutu!" Akajifuta macho kwa aproni. "Haya. Kaa. Nikufundishe kudanganya, maana naona hujui. Kwanza uwe na kitu mdomoni. Mtu anayetafuna haonekani anadanganya. Pili, usimtazame machoni, mtazame kipara, yeye atadhani una haya."

"Nina haya kweli."

"Basi nusu ya kazi imekwisha."

"Sitaki kudanganya, Bibi."

"Mwambie kweli basi. Mfunge bibi yako."

"Hilo nalo sitaki."

"Sasa wewe unataka nini?"

Nilitazama maharage. "Nataka upike juu."

Ungedhani nimemwambia aende kanisani bila nguo. Alizima moto, jambo ambalo halifanyi katikati ya maharage.

"Juu wapi?"

"Kwenye lile jeupe."

"Nalipangusa kila siku tangu kabla mama yako hajakuzaa."

"Ndiyo. Kwa hiyo linafanya kazi."

Nilidhani atanipiga na mwiko. Alikaa kwenye kiti chake chenye mto. "Wewe uliniuliza wageni gani," akasema. "Kwetu mtu akifa, watu wanakuja nyumbani. Mtaa mzima unapanda juu, wanakaa, wanakunywa kahawa, na macho yao hayalii tu, yanatazama pia. Nimekwenda nyumba zote hizi. Ya mke wa fundi viatu, ya mwizi wa zabibu. Nimeona majiko ya watu. Mimi langu litakuwa safi siku hiyo."

"Nani atakuja?" nikamuuliza. Sikukusudia ubaya. Kweli nilitaka kujua, maana mtaa mzima uliobaki ni yeye.

Akanyanyuka, akajaza bakuli maharage, akalifunika. "Peleka kwa fundi viatu. Mama yako ana shifti alfajiri, ale kitu."

Nilitangulia kupanda na mkate, yeye nyuma na bakuli. Nilipofika juu nikasikia zege likikwaruzwa, nikasahau nikageuka. Alikuwa anapanda kwa magoti na viganja kama mtoto mchanga. Bakuli analisukuma mbele yake, ngazi moja, anapumua, anapanda, analisukuma tena. Ndala moja ilikuwa imebaki chini. Nadhani ndivyo anavyopanda siku zote.

Akainua uso, akaniona.

"Hukuona kitu," akasema.

"Sikuona kitu."

Akafika juu, akajishikilia kwenye fimbo, akanyooka, akanikabidhi bakuli. "Unaona?" akasema, bado anahema. "Kudanganya unaweza."

*

Asubuhi yake Mama aliondoka kukiwa bado giza. Mimi nilichukua unga niliokuwa nimeukanda usiku kabla ya kulala, wenye iliki na tui, nikachukua karai letu na dumu la mafuta, nikavuka barabara. Nikabisha mlango wa mbele.

"Zunguka nyuma!" Hata hakuwa chini. Ni mazoea.

"Sizunguki."

Akafungua, nywele ziko kwenye rola. Nikapita chini ya mkono wake. Nikaondoa majogoo yote kwenye lile jiko jeupe, nikayapanga mezani kwa heshima, nikaweka karai, nikamimina mafuta, nikawasha. Sahani ya moto ilifuka vumbi, ikanuka kama redio ya zamani, kisha ikawa nyekundu. Bibi wa Chini alikuwa ameshika kichwa, anaita watakatifu kwa majina, hata yule wa ukutani. Sikuthubutu kumtazama, ningeacha. Nikatumbukiza maandazi manne kwa mpigo, mafuta yakaruka. Yakapaka jiko, ukuta, na taulo moja iliyopigwa pasi.

Juu ya friji kukatoka mnong'ono, na nyuma yake kinanda cha kanisani.

"Mama? Mama, kuna moshi. Nani huyo?"

Nikaigeukia kamera. "Ni mimi," nikasema. "Jibu lako ni ndiyo, alikuwa anashuka. Kwa milango ya nyuma. Kuanzia leo anapikia hapa."

Kinanda kiliendelea peke yake. Kisha yule mzee wa miaka sitini akauliza kwa sauti ya mtoto kabisa, "Umewasha la juu? Mama amekuruhusu?"

"Hajaniruhusu."

"Mungu wangu," akanong'ona. Nikasikia mtu mwingine akimnyamazisha. "Jumatatu siendi Burnsville. Nibakishieni."

"Geuza!" Bibi wa Chini alipiga kelele nyuma yangu. "Unaongea na friji na vitu vinaungua! Geuza! Huyu nani alimfundisha kukaanga? Nipishe!" Akaninyang'anya kijiko, akapunguza moto, akainamia karai na rola zake, akayageuza maandazi moja moja, ananung'unika kwa lugha ya kwao.

Nikachukua ile taulo iliyokwisha kuchafuka, nikaanza kufuta matone kwenye jiko. Alinipiga mkono bila kunitazama.

"Acha yakae," akasema. "Kasukume mengine."

Nikarudi mezani, nikakata unga uliobaki.